Lidia Ndiye Atakayeniigiza

Zima hiyo televisheni, Raya, kisha uje uniinue kidogo. Mto uweke mgongoni, siyo shingoni. Hapo. Ahsante mjukuu wangu. Zakia, futa machozi kwanza. Umetoka Dar es Salaam kote huko kuja kunisikiliza, basi nisikilize, kulia utalia baadaye na hakuna atakayekukataza. Na wewe Tamimu, usisimame hapo mlangoni kama unasubiri mteja wa dukani. Keti hapa chini karibu na mama yako, maana katika haya nitakayosema kuna neno moja ambalo ni lako peke yako.

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, aliyenipa pumzi na ambaye mpaka alasiri hii hajaitaka, mimi Sauda binti Bashiru, mzaliwa wa Inyonga, mjane wa baba yenu Yunusi, nasema haya nikiwa na akili zangu timamu, ndani ya nyumba yangu hapa Makanyagio. Daktari amesema moyo umechoka, na mimi sikubishana naye, kwa sababu moyo ni wangu na nilishaujua kabla hajauwekea vyombo vyake. Msinionee huruma kupita kiasi. Nimekula chumvi nyingi, nimeolewa na mwanaume mpole, nimezaa mkabaki hai, halafu kwenye umri ambao wenzangu walishakuwa mabibi wa kukaa jikoni na kulalamikia magoti, Mungu akanifungulia mlango ambao hata hodi sikuwa nimeupigia. Mkisahau yote, hili msilisahau: mama yenu ameondoka akishukuru.

Mali nitaisema haraka kwa sababu siyo iliyonikalisha hapa. Nyumba hii na shamba la Kakese mtagawana kama dini inavyoelekeza. Sheikh yupo, mwiteni, na asiwepo kati yenu mtu wa kuanza kupima kuta kwa macho kabla matanga hayajaanuliwa. Zakia, nakujua. Mizinga yangu ya nyuki kule Inyonga, ile niliyoachiwa na mjomba, nampa Raya, kwa kuwa mjukuu hana fungu lake kwenye mirathi wakati baba yake yu hai, na mimi sitaki atoke mikono mitupu wakati ndiye aliyenigeuza kitandani miezi yote hii. Raya, hiyo mizinga usiikodishe kwa watu wa mjini. Nenda mwenyewe msituni, ukae na wale wazee, ule moshi ukuingie machoni, ndipo utakapojua asali ni nini.

Sasa kazi yangu. Mmeisikia vipande vipande, na wengine mmeisikia kwa majirani kabla ya kuisikia kwangu. Baba yenu alipofariki nilikwenda Dar kumuuguza Zakia uzazi, na kwenye uwanja wa nyumba aliyopanga kulikuwa na kikundi cha maigizo kinafanya mazoezi. Vijana wasio na adabu hata chembe. Nimeanika mchele kwenye ungo, wao wanarukaruka, mmoja akaukanyaga. Nikasimama mlangoni nikawasema. Niliwasema kwa utaratibu, wazazi wao, walimu wao, na mwanamke ambaye siku moja angekubali kuolewa na mmoja wao. Nilipomaliza, kiongozi wao akaniangalia, akasema, mama, hebu rudia, lakini safari hii mseme huyu binti, yeye ni mke wa mwanao. Nikarudia. Binti akalia machozi ya kweli, masikini, nikaacha nikaenda kumkumbatia, na kiongozi akapiga makofi. Ndivyo nilivyoajiriwa, wanangu, kwa mchele uliokanyagwa.

Sikuwahi kuwa nyota, na naomba siku ya kusoma wasifu wangu asiinuke mtu akasema nilikuwa nyota. Kwenye mabango walikuwa wanawekwa wasichana wazuri. Mimi nilikuwa mama mkwe, mganga, mwenye nyumba anayetoa wapangaji vyombo nje, jirani mbeya, nesi mkali, na mama wa marehemu mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka. Nilikuwa naingia, naharibu ndoa ya watu, natoka, nakunywa chai. Lakini wale wote niliowaigiza niliwachukua huku kwetu. Ule mguu wa mganga aliokuwa anauburuza niliuchukua kwa muuza chumvi wa stesheni. Yule mwenye nyumba, anayekuhesabia vitu bila kukutazama usoni, alikuwa ni Vénérande wa Karema, aliyekuwa akituuzia migebuka pale ufukweni, mkono unahesabu samaki, macho yako ziwani. Watu wa Dar wakasema Bi Sauda ana kipaji. Nilikuwa na Katavi nzima nyuma yangu, ndiyo maana. Mkiniombea dua, waombeeni na hao, maana nimekula jasho la miguu yao na sura zao, na wengi wamekufa bila kujua.

Na nashukuru hata kwa walionichukia. Pale soko kuu kuna mama alikataa kuniuzia vitunguu mwezi mzima, eti kwa jinsi nilivyomnyima chakula mke wa mwanangu, na mke mwenyewe wa kwenye televisheni! Nikamwambia mama, yule binti tulikula naye chipsi baada ya kazi, akasema ndiyo hivyo hivyo, nyie wachawi mnawalisha kwanza. Nilirudi nyumbani bila vitunguu na furaha yangu haikuwa na mfano. Ningeambiwa nichague kati ya tuzo na vile vitunguu, ningechagua vitunguu.

Nipe maji kidogo. Kidogo tu.

Lakini aliyenifundisha kazi hakuwa kiongozi wa kikundi. Alikuwa mama yangu mkubwa Mariana, dada yake mama, kule Inyonga. Nyie vijana mmekuta mambo haya yamefifia, kwa hiyo niyaseme vizuri. Akifa mtani wake, Mariana alikuwa halii kama wengine. Alikuwa anaingia msibani, anaomba nguo ya marehemu, anaivaa, kisha anatoka ndani akiwa ni yule yule marehemu. Anatembea kama yeye, anakohoa kama yeye, anauliza mbona ugali mdogo, anamgombeza mjane kwa maneno ambayo marehemu alikuwa akimgombezea. Watu wanacheka huku kamasi zinawatoka. Nikiwa mtoto nilimwuliza kama haogopi. Akaniambia, mtu akifa wote wanaanza kumsema vizuri mpaka anapotea kabisa, sasa lazima awepo mmoja wa kumrudisha alivyokuwa, wamwone mara ya mwisho, halafu wamwache aende. Kazi yangu yote ya televisheni ni hiyo, wanangu. Nimeifanya mbele ya kamera, lakini ni ile ile ya Mariana.

Na mimi mtani wangu mnamjua. Ni Lidia, mke wa Mabula, wa Kakese. Utani wetu hatukuurithi kwa kabila, yeye Msukuma aliyekuja huku na ng'ombe za wakwe zake, mimi mtoto wa mchanganyiko wa huku bara. Tuliuanza sokoni, juu ya kibuyu cha maziwa mgando nilichosema kina maji, naye akasema maji ni ya uso wangu ulioinamia kibuyu. Tukatukanana tangu asubuhi mpaka adhana ya adhuhuri, na Mabula akatupatanisha kwa kusema nyie sasa ni watani na hakuna wa kuwatenganisha. Toka siku hiyo akija hapa alikuwa anabeba sufuria yangu bila kuomba, na mimi nikienda kwake narudi na kuku wake kwapani. Nimepata marafiki wengi maishani. Mtu wa kunikamatia kila uongo wangu na bado akanipenda, nimempata mmoja.

Tamimu, usiinamishe kichwa. Hapa ndipo pako, na siko hapa kukushtaki.

Mnakumbuka mwaka ule nilipokufa. Raya hakuwa amezaliwa, kwa hiyo namweleza. Kikundi chetu kilikuwa na mtindo wa kila mtu kuigiza kwa jina lake mwenyewe, na ilifika wakati wakaamua mama mkwe amechosha, afe. Wakanilaza, wakanivisha sanda, binti akalia, Sauda, Sauda umetuacha. Ikarushwa. Hapa Mpanda siku zile televisheni zilikuwa za kutafuta, watu walijazana kwenye kibanda cha video, na jenereta ikazima papo hapo, sanda imeonekana, jina langu limetajwa, kilichofuata hakuna aliyekiona. Kufika asubuhi mji mzima unajua Sauda amefia Dar na mazishi yameonyeshwa. Simu nazo zilikuwa shida, na mimi nilikuwa njiani, kwenye basi la Tabora, nakuja zangu nyumbani kwa sababu mama mkwe ameshakufa na sina tena kazi mwezi huo.

Nikashuka kituoni, mwenye baiskeli aliyeniona akatupa baiskeli akakimbia. Sikuelewa. Nikatembea na mzigo wangu mpaka hapa, nikakuta turubai, moto, masufuria, unga umepangwa ukutani, kuni zimeshushwa na mkokoteni wa Mabula, na wanawake wa Kakese wamejaa uani wananililia. Nikasimama nyuma ya ua. Siwezi kusema niliogopa. Nilisikia sauti yangu. Nilisikia sauti yangu mwenyewe inatoka uani, inasema, kama ninavyowasema wauza nyanya sokoni, nyanya hii ni mgonjwa mahututi, lakini nitaichukua, masikini, mwingine nani ataichukua? Watu wakaangua kicheko na kilio pamoja. Nikachungulia. Lidia amevaa kitenge changu cha kijani, ameshika kiuno ninavyoshika, anawazungukia watu kuwasalimu ninavyosalimu, kuuliza hali mpaka ya mbuzi wako na mtoto wa mbuzi wako. Wanangu, nimepigiwa makofi kwenye kumbi. Sijawahi kuonekana na mtu kama nilivyoonekana siku ile na Lidia. Nilijua hapo kwamba nimeishi, na watu walikuwa wananiangalia nikiishi.

Kisha akamgeukia Tamimu. Akamwambia kwa sauti yangu, Tamimu, umekula? Umekula nini? Hicho siyo chakula.

Na mwanangu akapasuka. Alikuwa kijana, baba yake amekwenda, sasa na mama, halafu sauti ya mama inamwuliza kama amekula. Alimvamia Lidia, akamvua kitenge mbele ya watu, akamsukuma akaanguka kwenye majivu, akasema toka, mchawi we, unamcheka mama yangu. Lidia akainuka, akajipangusa majivu, akaenda. Na hapo ndipo mimi nikaingia na mzigo wangu, hai, na uani kukawa na kukimbia na kuzimia, na katika ile furaha yote hakuna aliyekumbuka kumfuata yule mwanamke.

Tamimu, sikiliza mama yako. Siku ile ulinililia kuliko wote. Wengine walikuwa wanakula, wewe ulikuwa hujala, na Lidia aliliona hilo, ndiyo maana aliuliza. Hukumsukuma kwa ubaya, ulimsukuma kwa mapenzi, na mimi nimeyabeba mapenzi hayo kifuani toka siku ile na nakushukuru kwa ajili yake. Lakini aibu ya kukuta niko hai ikakugeuka ndani. Ukasema utani ni upuuzi, ukasema siyo dini, ukapanda miiba kwenye njia ya ng'ombe za Mabula pale shambani ili wazunguke mbali kwenda mtoni. Na Lidia naye ana kichwa chake. Alisema kizingiti hiki hatakivuka mpaka aliyemtoa aje amwingize mwenyewe. Nimemwona sokoni, tumetukanana sokoni, tumezeeka sokoni, na ndani ya nyumba yangu hajaingia tena. Hata hizi siku za ugonjwa ametuma maziwa, yakafika, yeye akabaki Kakese.

Basi neno langu kwako ni hili. Mazishi yangu yawe ya Kiislamu kamili, nioshwe, niswaliwe, nizikwe upesi, na pale makaburini pasiwe na mzaha wala kelele. Zakia, na zile kamera ulizokodi za kurekodi msiba uzirudishe, na waigizaji wenzangu wakija wapokewe, wapewe wali, lakini asije mtu kulia kwa zamu mbele ya mashine. Nimefanya mazishi ya namna hiyo ya kutosha na nayajua yalivyo baridi. Ila siku ya kuanua matanga, watu wakishakula, nataka Lidia awe hapo uani. Nataka avae nguo zangu aniigize mpaka mwisho, lile alilokatishwa alimalize. Na hawezi kuingia bila wewe. Sikuamuru, Tamimu. Umri wako siyo wa kuamriwa, na mtu akilazimishwa kuomba radhi huyo hajaomba. Nakuomba tu, kama mtu anayeondoka anavyoomba. Usiniache nikapotea kwenye sifa nzuri za watu wasionijua.

Mbona unainuka? Tamimu. Viatu hivyo siyo vyako, ni vya mkeo.

Haya, ameenda. Zakia, kaa chini. Kaa nimesema, usimfuate. Nimesema nilichotaka kusema, na kama nimemwuma kwa hilo basi Mungu anajua nilitumia meno ya mwisho niliyobaki nayo. Ni mtoto mwema. Kila jioni ya maisha yake amepita hapa kabla ya kufunga duka kuniuliza kama nina mafuta ya taa, mpaka tulipovutiwa umeme, na baada ya umeme akaendelea kuuliza. Asipokwenda Kakese, asilaumiwe na mtu. Msije mkamsema. Atakayemsema nyuma ya mgongo wangu atanisikia.

Sasa yaliyobaki. Sanduku langu la nguo za kazi, lile la bati, msigawane kama vitambaa vya kufutia. Wapelekeeni wale wasichana wa shule wanaofanya maigizo, waambieni lile shuka jeusi la mganga linawasha shingoni na ndiyo siri yake, mtu akiwashwa huonekana mbaya bila kujitahidi. Ile miiba ya njia ya ng'ombe, Zakia, baba yenu ndiye aliyetoa njia ile kwa mdomo wake, Mabula akiwa amesimama pale pale. Muing'oe. Na nyie ndugu wawili msiache kutembeleana, hata kama ni kwa kugombana. Njoo ugombane naye hapa hapa nyumbani, siyo kwenye simu.

Nimesinzia saa nzima? Nishike mkono, Raya. Siyo kwa nguvu. Niko hapa bado.

Nashukuru. Hebu niseme tena wakati naweza. Namshukuru Yunusi, aliyeniacha nicheke kwa sauti nyumbani kwake. Nawashukuru walionipa kazi, na walionikatalia vitunguu. Nashukuru kwa mvua za mwaka huu, ingawa sitakula mahindi yake. Nawashukuru nyie, mmenilea uzee huu bila kunung'unika, au mlinung'unika mbali nisisikie, na hiyo nayo ni adabu.

Hiyo pikipiki ya nani? Raya, chungulia.

Unasema?

Rudia. Baba yako amempakia nani?

Ya Rabi. Fungua mlango. Fungua yote miwili. Zakia, nifunike miguu, huyu mwanamke akiniona miguu ilivyokonda ataisema mpaka Inyonga. Yuko kizingitini? Amemshika mkono? Tamimu amemshika mkono? Anamwambia nini, mimi siku hizi sisikii vizuri... Hapana, msiniambie. Ni yao wawili.

Ingia. Mwadila, Lidia, nakusalimu kwa Kisukuma chenu. Ingia mchawi we, umezeeka, umekuwa mbaya. Ulikuwa wapi miaka yote hii, ulikuwa unachunga ng'ombe mmoja? Keti. Keti kitandani, Zakia anakuachia nafasi. Usilie. Wewe siyo wa kulia, wewe kazi yako nyingine.

Tamimu. Sogea. Kichwa chako hapa. Uso una vumbi la barabara nzima ya Kakese, umemwendesha mama wa watu hivyo hivyo bila kofia... Mwanangu. Mwanangu mimi.

Raya, kile kitenge cha kijani kiko chini kabisa kabatini, mpe. Mpe sasa hivi. Najua nilisema siku ya matanga. Siku ya matanga itakuja, ataniigiza tena. Lakini nataka kuona. Vaa, Lidia. Funga vizuri, mimi sifungi kizembe hivyo. Hapo. Hapo kiunoni.

Basi, niwape radhi zangu. Sogeeni wote. Zakia, radhi zangu unazo, Mungu akupe wajukuu watakaokusumbua kwa mapenzi. Raya, Mungu akupe mume anayecheka, na kama hayupo, akupe kicheko chenyewe. Tamimu, mwanangu, kila hatua uliyopiga leo Mungu akuandikie... akuandikie kheri, na duka lako...

Sauti inaniishia. Na dua sijaifikisha.

Usiwaache hivyo. Lidia. Sauti yangu unayo wewe. Malizia wewe, mimi nimechoka.